Distribyuta, distribyuta yenye programu au kompyuta: njia ipi ya kupanga taimingi ya injini ya mbio?

Mtu aliyeijenga injini kwa ajili ya kasi, akaibadilishia kemshafti, akaongeza mbano na kupanua njia za hewa, hufika mahali ambapo kazi yote aliyoifanya inategemea jambo moja: cheche iruke lini. Taimingi ya kiwandani haimfai tena, kwa kuwa ilipangwa kwa ajili ya injini aliyokuwa nayo kabla hajaigusa. Hapo huwa na njia tatu. Anaweza kubaki na distribyuta ya vizito na springi, kile kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda, akairekebisha kwa taa ya taimingi, ambayo humulika alama za puli kila cheche inaporuka. Anaweza kufunga distribyuta ya kielektroniki ambayo mkunjo wake wa cheche, yaani mchoro wa digrii za cheche dhidi ya kasi, hupangwa kwa programu. Au anaweza kuiondoa distribyuta kabisa na kuikabidhi kompyuta ya injini kazi nzima. Wengi huchagua kwa kuangalia kifaa kipi ni cha kisasa zaidi. Mimi naona kipimo cha haki ni kingine, nacho ni hiki: injini yako hukutana na hali ngapi tofauti za mzigo, na ukikosea, itakuonya kwa njia gani kabla haijavunjika.

Ili ulinganisho uwe na maana, ni lazima kwanza ijulikane kinachotafutwa. Mchanganyiko wa hewa na mafuta hauwaki wote kwa mara moja. Moto huanzia kwenye plagi ukasafiri hadi kwenye kingo za chumba cha mwako, na safari hiyo huchukua milisekunde chache. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, krankishafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni (kranki), hupita digrii 6 katika milisekunde moja, na ikizunguka mara 6,000 hupita digrii 36 katika muda uleule. Kwa hiyo cheche hulazimika kuruka kabla pistoni haijafika juu kabisa ya mwendo wake, mahali ambapo humu nitapaita kileleni, na huwahishwa zaidi kasi inapopanda. Lengo ni kwamba shinikizo la mwako lifikie upeo wake pistoni ikiwa imekwisha kupita kileleni kwa digrii 12 hadi 16 hivi, wakati konrodi imepata pembe ya kuisukuma kranki kwa nguvu. Cheche ikiwahi mno, shinikizo hupambana na pistoni ambayo bado inapanda. Ikichelewa, joto ambalo lingefanya kazi hutokea kwenye eksozi, na manifoldi ya eksozi inaweza kuiva ikawa nyekundu.

Kuna mambo mawili ambayo asiyeyajua hatachagua vizuri. La kwanza ni kwamba torki, ukiichora dhidi ya digrii za cheche, yaani digrii za kranki kabla ya kileleni ambapo cheche huruka, hupanda kisha ikawa karibu bapa kabla ya kuanza kushuka. Ukiwa pale juu, kupunguza digrii chache hukugharimu asilimia moja au mbili tu ya torki, lakini kuongeza digrii hizohizo kunaweza kukuingiza kwenye kugonga, yaani ile hali ambapo mchanganyiko ulio mbali na plagi hujiwakia wenyewe kabla moto haujaufikia. Digrii ya mwisho, basi, ndiyo ya hatari kuliko zote na ndiyo yenye faida ndogo kuliko zote. La pili ni mzigo. Kilango cha hewa kikiwa kimefunguka kidogo, silinda hupata mchanganyiko mchache, mabaki ya moshi wa mzunguko uliopita huwa mengi kwa uwiano, na moto huenda polepole. Injini ileile inayotaka digrii 34 mafuta yakikanyagwa hadi chini inaweza kufurahia zaidi ya 40 inaposafiri taratibu kwenye barabara tambarare. Kasi na mzigo ni vitu viwili tofauti, na tofauti kubwa kati ya njia zetu tatu ni namna kila moja inavyoviona.

Distribyuta ya vizito na springi

Mfumo wa betri, koili na distribyuta ambao Charles Kettering na kampuni yake ya Delco waliuingiza katika magari ya Cadillac ya 1910 bado una watumiaji wake, na si kwa sababu ya mapenzi ya vitu vya kale pekee. Ndani ya distribyuta mna vizito viwili vinavyovutwa na springi; kasi ikipanda, vizito hufunguka kuelekea nje na kuisogeza cheche mbele. Hapo imeonekana kasi tu. Mzigo huonwa na kiwambo cha vakyumu, ambacho huvuta sahani ya ndani pale mvuto wa hewa katika manifoldi ya kuingizia hewa unapokuwa mkubwa, yaani injini inapofanya kazi nyepesi. Ukikanyaga mafuta hadi chini mvuto hutoweka, kiwambo hulegea, na digrii zake huondoka. Ni ufundi wa werevu sana kwa kitu kisicho na hata waya mmoja wa sensa.

Kwa injini isiyo na turbo, inayoendeshwa zaidi kwenye uwanja wa mbio mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi chini, distribyuta ya aina hii haipitwi kwa mengi. Injini hiyo haina haja kubwa na hali za kati. Ikipata digrii sahihi za awali (kabla vizito havijafunguka), digrii sahihi za jumla (vikiwa vimefunguka kabisa), na springi zinazokamilisha mwendo wa vizito karibu na mizunguko 3,000, itatoa karibu torki yote ambayo kompyuta ingeitoa katika hali hiyo. Chevrolet V8 ndogo ya zamani, kwa mfano, kwa kawaida hupenda jumla ya digrii 34 hadi 36 bila kiwambo, wakati Volkswagen ya kupozwa kwa hewa hupangwa kati ya 28 na 32. Injini mpya zaidi, zenye vyumba vya mwako vinavyoutibua mchanganyiko vizuri, huhitaji chache kuliko hizo, kwa sababu moto wake huenda haraka. Anayenakili namba ya V8 ya zamani na kuipeleka kwenye injini ya kisasa hujitafutia pistoni iliyotoboka.

Udhaifu wake ni wa aina tatu. Wa kwanza ni kuyumba: distribyuta huendeshwa na kemshafti, nayo huendeshwa na cheni au mkanda wa taimingi, na kila ulegevu wa njiani hufika kwenye cheche, hivyo kwamba alama iliyo chini ya taa hucheza badala ya kutulia. Wa pili ni hesabu. Distribyuta huzunguka nusu ya kasi ya kranki, kwa hiyo digrii 1 ya distribyuta ni digrii 2 za kranki. Aliyetaka vizito vilete digrii 20 za kranki akaweka kizuio cha digrii 20 za distribyuta amejipa 40, na juu yake bado hajajumlisha za awali. Wa tatu ni umbo la mkunjo wenyewe. Springi mbili haziwezi kuchora mkunjo unaopanda, ukashuka kidogo pale torki inapokuwa juu kabisa, kisha ukapanda tena, na injini nyingi zenye kemshafti kali hutaka hasa mkunjo wa namna hiyo.

Lipo pia kosa ambalo si la distribyuta bali la alama, na kwa kuwa lilinigharimu wiki mbili nitalieleza kwa urefu. Nilipanga injini kwa taa hadi digrii 34, hozi ya vakyumu ikiwa imechomolewa na kuzibwa kama inavyopasa, na gari likawa zito kama limefungwa breki, huku manifoldi ya eksozi ikichoma mkono kutoka mbali. Nilibadilisha koili, nikabadilisha waya za plagi, nikailaumu kabureta. Mwishowe niliondoa waya wa betri, nikatoa plagi ya silinda ya kwanza, nikaingiza kizuio cha pistoni, ambacho ni kama bolti ndefu ya kujifunga katika tundu la plagi, nikaizungusha injini taratibu kwa mkono hadi pistoni ikagusa, nikaweka alama ya chaki kwenye puli, nikaizungusha upande wa pili hadi ikagusa tena, nikaweka ya pili. Kilele halisi ni katikati ya chaki mbili. Alama ya kiwandani ilikuwa imehama digrii 8, kwa sababu puli ile ina pete ya nje iliyoshikizwa kwa mpira, na mpira ulikuwa umezeeka ukateleza. Nilikuwa naendesha digrii 26 nikiamini ni 34. Njia yoyote utakayoichagua kati ya hizi tatu, kazi hii ya chaki hutangulia, kwa kuwa hata kompyuta ya bei ghali huanza kwa kuamini alama hiyohiyo.

Distribyuta yenye programu

Hii ni njia ya kati, na mara nyingi hupuuzwa kuliko inavyostahili. Kwa nje ni distribyuta kama nyingine, lakini ndani vizito vimeondolewa na nafasi yake imechukuliwa na sensa na kichakato kidogo. 123ignition ya Uholanzi hutengeneza za namna hiyo kwa magari mengi ya zamani, nyingine zikiwa na mikunjo iliyokwisha kuandikwa na nyingine zikikuruhusu uchore wa kwako. Zile zenye sensa ya shinikizo la manifoldi huuona mzigo pia. Umbo la mkunjo halifungwi tena na springi, na unaweza kulibadilisha umekaa kwenye kiti.

Kinachobaki ni ulegevu wa cheni na gia, kwa sababu bado inaendeshwa na kemshafti, pamoja na kifuniko na rota, ule mkono wa ndani unaozunguka kupeleka cheche, vinavyochakaa. Tena rota inapaswa kuwa imeelekea mguu wa kifuniko, yaani ncha inayopokea cheche, wakati cheche inaporuka, na ukiongeza digrii nyingi mno za kielektroniki inaweza kuwa mbali na mguu huo, cheche ikatafuta njia nyingine. Haina masikio ya kusikia injini ikigonga. Kwa gari la kabureta linalotumika barabarani siku za kawaida na uwanjani mara chache, naiona ndiyo chaguo la busara kuliko zote, na sioni sababu ya kuongeza maneno juu yake.

Kompyuta ya injini

Hapa cheche haipangwi kwa mkunjo bali kwa jedwali: kasi upande mmoja, mzigo upande mwingine, na digrii katika kila chumba. Jedwali la safu 16 kwa 16 lina vyumba 256, na kila kimoja kinaweza kuandikwa kivyake. Juu yake huja masahihisho ya joto la hewa inayoingia, joto la maji, na hata ya silinda mojamoja. Kasi ya kranki husomwa moja kwa moja kwenye gurudumu la meno, kwa kawaida la meno 36 likikosa 1 au 60 likikosa 2, hivyo ulegevu wa cheni hauhusiki tena. Hata silensa, yaani mwendo wa injini mafuta yasipokanyagwa, hutulizwa kwa cheche: mizunguko ikishuka kompyuta huwahisha digrii chache, ikipanda huzichelewesha, na injini yenye kemshafti kali iliyokuwa ikizimika kwenye taa za barabarani hutulia.

Kwa injini yenye turbo sioni mjadala. Shinikizo la turbo likipanda mchanganyiko huwa mwingi na huwaka haraka, na ni lazima cheche icheleweshwe. Kanuni ya mafundi, ambayo ni ya kuanzia tu, ni digrii 1 kwa kila pauni 1 ya shinikizo kwa inchi ya mraba. Distribyuta ya vizito haioni shinikizo hilo, kwa hiyo fundi hulazimika kuipanga kwa ajili ya hali mbaya kuliko zote, na gari linakuwa legelege katika hali nyingine zote.

Kompyuta pia inaweza kusikia. Sensa ya kugonga ni kipande cha kristali kinachofungwa kwenye bloku, nacho hutoa umeme kinapotikiswa. Mlio wa kugonga una sauti yake inayotokana na upana wa silinda: yenye kipenyo cha milimita 86 hulia karibu na kilohezi 6.6, na iliyo pana zaidi hulia kwa sauti nzito zaidi. Kompyuta ikiusikia hupunguza digrii kwenye silinda husika. Lakini pistoni za kufua zenye nafasi kubwa, vali zinazopiga kelele na mabano yaliyolegea vinaweza kuidanganya, na injini ya mbio huwa na vyote hivyo. Mafundi wengi waangalifu hujitengenezea masikio ya pili: kipande cha bomba la shaba hupondwa ncha moja, hutobolewa na kufungwa kwa bolti kwenye bloku, kisha hozi huunganishwa hadi kwenye vizibo vya masikio. Aliyewahi kuvaa kifaa hicho hasahau ule mlio kama wa changarawe ndani ya kopo, ambao ndani ya gari, eksozi ikinguruma, haungesikika kamwe.

Ubaya wa kompyuta ni kwamba huyaficha makosa kwa unadhifu. Skrini ikiandika digrii 28 fundi huamini ni 28. Kwa hiyo kabla ya lolote, taimingi hufungwa kwenye namba moja, tuseme 10, na taa ya taimingi huelekezwa kwenye puli. Kama puli haisomi 10, namba ya msingi husahihishwa mpaka isome. Kisha mizunguko hupandishwa, kwa kuwa sensa ya sumaku iliyounganishwa kwa waya zilizopishana, au ucheleweshaji ambao haukusahihishwa, huifanya namba iteleze kasi inapopanda. Tahadhari ya taa zenyewe: ile yenye kidude cha kuzungusha digrii hudanganywa na mifumo inayorusha cheche nyingi mfululizo, na pia na ile inayorusha cheche mbili kwa kila mzunguko kamili wa mipigo minne, yaani moja kwa kila mzunguko wa kranki. Kwa mifumo hiyo tumia taa ya kawaida na puli iliyochorwa digrii.

Aliyeamua kutumia kompyuta bado ana uchaguzi mwingine ndani yake, kati ya kuiandika upya kompyuta ya kiwandani na kuweka inayojitegemea, kama za Haltech ya Australia au Link ya New Zealand. Ya kiwandani inajua kuwasha injini asubuhi ya baridi na kuzungumza na giaboksi, lakini katika magari mapya hufanya hesabu zake kwa torki, na digrii ulizoziongeza kwenye jedwali moja zinaweza kuondolewa na jedwali jingine ambalo hukuligusa. Inayojitegemea ni wazi kuisoma, ila kila kitu, hata kuwaka kwa baridi, kitakuwa juu yako. Kama injini bado inafanana na ya kiwandani kwa sehemu kubwa, andika upya. Kama umebadilisha manifoldi, nozeli na turbo kwa pamoja, weka inayojitegemea.

Ipangwe wapi

Swali la mahali pa kupangia lina uzito sawa na la kifaa. Dainamomita, mashine za kupimia nguvu ya injini, ni za aina mbili, na wengi hawaulizi wamewekwa kwenye ipi. Ya gurudumu zito hupima jinsi injini inavyoliharakisha gurudumu hilo; hutoa mchoro mzuri wa nguvu, lakini haiwezi kuizuia injini ikae mizunguko 3,500 kwa nusu ya mzigo. Kwa distribyuta hiyo inatosha kabisa, kwa sababu utajaribu digrii 32, 34 na 36 na kuangalia mchoro upi uko juu. Kwa jedwali lenye vyumba 256 haitoshi. Hapo inatakiwa ile yenye breki, ambayo huishika kasi mahali pamoja huku fundi akiongeza digrii 2, akasoma torki, akaongeza 2 nyingine, na pale torki inapokoma kupanda akarudi nyuma.

Barabarani hakuna usomaji huo wa torki, na hapa ndipo masikio yanapopotosha. Injini isiyo na turbo, yenye mbano wa wastani na petroli nzuri, inaweza kupita digrii zake bora bila kugonga hata kidogo. Mwenye kupanga kwa kusikiliza ataendelea kuongeza akidhani anapata nguvu, kumbe anapoteza. Injini yenye mbano mkubwa au turbo hufanya kinyume, hugonga wakati torki bado inapanda, na hiyo hupangwa kwa kurudi nyuma digrii 2 au 3 kutoka pale ilipoanza kugonga. Faida ya uwanja wa mbio ni joto la kweli: feni ya dainamomita haifanani na upepo wa mwendo, na injini iliyokubali digrii fulani kwa sekunde 10 inaweza kuzikataa baada ya mizunguko sita ya uwanja. Mimi huipanga kwenye breki, kisha huondoa digrii 2 kwenye vyumba vya mzigo mkubwa, halafu huenda uwanjani na kuzitoa plagi mara baada ya kuzima injini. Kwenye porselini nyeupe hutafuta vidoa vidogo vinavyong'aa kama unga wa fedha. Hivyo ni alumini ya pistoni, na nikiviona naondoa nyingine 2 bila kubishana.

Neno moja kuhusu petroli, kwa kuwa huharibu ulinganisho mwingi. Namba ya okteni, yaani kipimo cha petroli kustahimili kugonga, inayoandikwa kwenye pampu za Marekani ni wastani wa vipimo viwili, RON na MON, wakati Ulaya na sehemu nyingi huandika RON pekee. 93 ya Marekani inakaribiana na 98 ya RON. Jedwali la mtu mwingine lililoandikwa kwa ajili ya mafuta ya ethanoli ya E85, ambayo hustahimili kugonga kuliko petroli ya kawaida, lisiguse injini yako ya petroli hata kwa majaribio.

Kwa hiyo, mwenye kabureta na gari la uwanjani pekee abaki na distribyuta yake, anunue springi na taa nzuri, na fedha iliyobaki aipeleke kwenye siku ya dainamomita yoyote. Mwenye gari la kabureta la barabarani achukue distribyuta yenye programu, ya aina inayosoma shinikizo la manifoldi. Mwenye turbo, na mwenye uwiano wa mbano unaokaribia 12 kwa 1 akitumia petroli ya pampu, aingie kwenye kompyuta moja kwa moja. Na kama fedha haitoshi kwa kompyuta pamoja na saa za dainamomita ya breki, basi apunguze shinikizo la turbo mpaka zitakapotosha, kwa sababu kompyuta isiyopangwa itarusha cheche mahali pabaya kwa usahihi mkubwa kuliko distribyuta yoyote.